Pua ya Mwalimu Dvorachek

Pale Lipnik, mji mdogo wa Wacheki huko Nebraska, Marekani, watu walimjua Mwalimu Orrin Dvorachek kwa pua kabla ya kumjua kwa jina. Haikuwa pua ya kutisha, hapana. Ilikuwa pua ya kawaida tu ya Kicheki, iliyoinama kidogo kwenye ncha, kama nyingi utakazoziona kanisani Jumapili. Shida ilikuwa kazi aliyoipa. Kabla bendi ya shule haijaanza wimbo wowote, mwalimu alinyanyua mikono, akafumba macho nusu, kisha akavuta hewa puani kwa nguvu kama mtu aliyefunua sufuria ya nyama: Hmff! Papo hapo watoto arobaini na ushee walipuliza kwa pamoja, na hakuna aliyechelewa. Hata waliokaa mwisho kabisa wa ukumbi waliisikia. Akiingia dukani kwa Kucera kununua kahawa, lazima kichwa kimoja kichomoze nyuma ya rafu, "Hmff!", halafu vicheko na miguu mbio.

Yeye hakujali. "Wacheke," alisema, "lakini wanaanza pamoja."

Kwake kuanza pamoja kulikuwa dini ya pili, na siku nyingine ya kwanza. "Bendi ni mwili mmoja," aliwaambia wazazi kila Septemba, na wazazi, ambao wengi wao aliwafundisha yeye, walimalizia sentensi kabla yake. Kila Aprili shule nyingine za pale Nebraska ziliwapeleka watoto mbele ya jaji kupiga mmoja mmoja, wawili wawili, watatu watatu, bila mwalimu wa kuongoza. Lipnik ilipeleka bendi nzima, ikapata daraja la kwanza, ikapanda basi ikarudi nyumbani. Habari za solo na vikundi vidogo Mwalimu Orrin hakutaka kuzisikia. "Mtoto akikosea katikati ya wenzake, wanamfunika. Akikosea chumbani peke yake na jaji, nani wa kumfunika? Ataitupa klarineti chini ya kitanda na hutamwona tena. Mimi simpeleki mtoto wa watu machinjioni."

Maneno makali hayo, lakini watu waliyanyamazia, kwa kuwa mji mzima ulijua yalikotoka. Yalitoka kwa Wade.

Wade alikuwa mwanawe wa pekee, na alipokuwa na miaka kumi na sita hapakuwa na tarumbeta kama yake kaunti nzima. Baba alivimba kichwa. Akamwandikisha solo, akakaa mstari wa mbele, akamsubiri jaji amwage machozi. Katikati ya wimbo kijana akapotea. Kimya kikaingia. Orrin, kwa mapenzi tu, akamvutia pumzi kutoka kitini ili aanze upya: Hmff! Lakini ilikuwa bure. Kijana aliishusha tarumbeta, akatoka nje ya mlango huku jaji akimwangalia, na jioni ile akasema muziki basi. Akaiacha tarumbeta kwenye rafu ya juu ya chumba cha bendi. Tangu hapo ni zaidi ya miaka ishirini. Wade alioa, akawa fundi wa mitambo ya kumwagilia mahindi, na alipokutana na baba yake walizungumza mvua, dizeli, na bei ya mahindi, basi. Orrin alijieleza mwenyewe jambo lile akalikubali: solo ndiyo iliyomvunjia mwanawe. Na tarumbeta ile ya rafu ya juu, ole wake mtoto aliyethubutu kuigusa.

Sasa Wade ana binti, Teagan, na binti alipofika umri wa kuchagua ala alichagua klarineti bila kumuuliza mtu. Kila Alhamisi jioni alikuja kwa babu yake kufanya mazoezi, wakala supu na mkate, akamcheka babu kwa soksi zake zisizofanana. Mzee aliishi wiki nzima akiingoja Alhamisi. Mke wake alishafariki. Nyumba ile ilikuwa na saa ya ukutani na Teagan tu.

Hapo ndipo akaja Joleen Pospisil.

Joleen alikuwa mwalimu mpya wa madarasa ya chini, kijana, mwenye kutembea haraka na kuongea haraka zaidi. Mwaka wake wa pili tu pale shuleni, bila kuomba ruhusa, akaandikisha kikundi cha klarineti tatu kwa mashindano ya Aprili. Teagan klarineti ya kwanza, Brynlee ya pili, na Colter, mtoto mrefu asiyeongea, ile klarineti kubwa yenye sauti nzito. Orrin alipopata habari alimfuata hadi kwenye maegesho ya magari.

"Mwanangu, nani kakupa ruhusa?"

"Hakuna, Mwalimu. Ningekuomba ungekataa."

"Ningekataa ndiyo!"

"Sasa unaona," Joleen akasema, akafungua mlango wa gari lake lakini hakuingia. "Mzee, nisikilize dakika moja tu. Brynlee ana miaka mitatu kwenye bendi yako. Juzi nilimwambia apige ukurasa wa kwanza peke yake. Hajui kuhesabu vituo vya kunyamaza! Miaka yote hiyo anamsikiliza wa kulia kwake, akianza naye anaanza. Anajificha. Bendi kubwa ni blanketi, Mwalimu, na humo ndani watoto wamelala fofofo."

"Na wewe unataka kuwavua blanketi mbele za watu."

"Nataka wajue kwamba wanaweza kuamka wenyewe."

"Umesoma vitabu vingi," mzee akasema, akageuka.

Usiku huo akampigia simu Wade. Aliona hapa ndipo pa kupata mtu wa upande wake, kwani nani ajuaye ubaya wa kusimama mbele ya jaji kuliko Wade? Akamweleza yote.

"Mwache apige," Wade akasema.

"Wade, wewe mwenyewe unajua..."

"Baba. Mwache apige." Akakata.

Alhamisi iliyofuata Teagan mwenyewe alimaliza mambo, huku akichovya mkate kwenye supu. "Babu, mimi nimekubali. Lakini nimeshasema na baba: nikiharibu pale mbele, nauza klarineti, naenda zangu voliboli. Sitaki watu wanikumbuke kama..." Akaacha. Hakumtaja mtu, lakini wote wawili walimwona mtu huyo mezani. Mzee aliweka kijiko chini. Kama mtoto huyu angeharibu, Alhamisi nayo ingekwenda, na angebaki na saa ya ukutani.

Basi akafanya alichoweza. Mazoezi yalikuwa kwenye chumba chake cha bendi baada ya masomo, na chumba ni chake, nani angemtoa? Joleen alisimamia, mzee akajifanya anapanga viti, anafuta ubao, anatafuta kitu kabatini. Watoto wakiwa tayari, klarineti midomoni, kutoka kule kabatini ikasikika: Hmff! Wakaanza barabara, safi kabisa. Siku ya kwanza Joleen alicheka. Kufika Februari hakucheka.

"Mwalimu, tafadhali usiwavutie."

"Sijavuta kitu. Nina mafua."

"Mafua ya tangu Januari?"

"Baridi ya Nebraska hii, mwanangu, utaizoea."

"Siku ya jaji nani atawavutia?"

Mzee alidhani ni utani, akaendelea kupanga viti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Na kusema kweli hata yeye hakujua kila mara alipokuwa anavuta. Ilitoka yenyewe, kama kupepesa macho. Watoto nao hawakujua kwamba wanaingoja. Walipiga vizuri kila siku, wakasifiwa, wakarudi makwao. Miezi mitatu mizima, jamani, na hakuna mmoja wao aliyewahi kuanza wimbo ule mwenyewe hata mara moja!

Siku ya mashindano walikwenda shule moja kubwa ya mji wa jirani, Harlan Grove. Kila darasa lilikuwa chumba cha jaji. Koridoni watoto waliovaa mashati meupe walitembea huku na huku na vijiti vya klarineti, vile vyembamba vinavyotoa sauti, mdomoni wakivilowesha, na kila pembe ilitoa kelele yake. Walimu walijibanza kwenye chumba cha mapishi, palipokuwa na kahawa na sinia za kolache, maandazi ya Kicheki yenye plamu, wakisubiri zamu za watoto wao. Mwalimu Orrin hakuwahi kukanyaga chumba kile siku ya vikundi. Alipoingia, Milo Hruza, mwalimu wa bendi ya mji wa pili, mnene na mpenda maneno, aliinua kikombe juu.

"Lo! Nani kafa? Orrin kaleta kikundi!"

"Sijaleta mimi. Kimeletwa."

"Afadhali umekuja uone. Mimi mtoto wangu asiyepiga solo hapandi kiti cha mbele, hata awe mpwa wa meya. Solo ni kioo. Unajiona ulivyo."

"Kioo cha wenye uwezo," akadakia Glenda Wiens, mwalimu mwembamba aliyefundisha shule tatu za vijijini kwa wiki. "Nani anashinda hizi solo zako, Milo? Wale wenye mwalimu wa nyumbani kila Jumamosi. Wangu mimi wanakamua ng'ombe Jumamosi. Ndiyo maana napenda vikundi: watatu, wanne, wanasikilizana, wanabebana."

"Wanabebana wakianguka wote."

"Wakianguka wote wanacheka wote. Huyo wa solo anacheka na nani?"

Wote wakamgeukia Orrin, wakisubiri hotuba yake ya mwili mmoja na ya machinjioni. Mwaka mwingine wangeipata yote hadi kahawa ipoe. Leo macho yake yalikuwa mlangoni. Alishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa. Milo aliona, akaacha utani, akamsogezea sinia.

"Kula moja, kaka. Ni mjukuu wako, eh?"

"Ni mjukuu wangu."

Hakula. Alitoka nje akaenda kusimama koridoni karibu na chumba chao, lile darasa la biolojia lililowekewa jaji wa klarineti. Mlangoni alikuwepo Wade, kofia yake ya kampuni ya mbegu mkononi, viatu vyake vya kazi vimesafishwa. Orrin hakutegemea kumkuta. Wade hakuwa amekanyaga mahali pa mashindano tangu siku ile.

"Umekuja," mzee akasema.

"Nimekuja."

"Mvua ilinyesha kwenu jana?"

"Kidogo."

Wakasimama. Ndani kulikuwa na kikundi kingine kikimalizia. Zikisikika nota za mwisho, watoto wa Lipnik wangeingia. Maneno yakamponyoka.

"Wade, ningekuwa na uwezo ningemzuia. Sitaki apate kama yaliyokupata. Solo ile ilikuvunja, mimi niliiona, na nimeibeba miaka yote hii."

Wade alimtazama kwa muda mrefu, kama anayeangalia mtambo uliokwama asijue aanzie wapi.

"Solo haikunivunja, baba."

"Ulipotea katikati. Mimi nilikuwepo."

"Nilipotea, ndiyo. Watu wanapotea. Halafu nikapaona. Niliuona mstari, nikajua narudia wapi. Nilikuwa nimeshaanza kuvuta pumzi. Yangu." Akaikunja kofia mikononi. "Ndipo nikasikia pua yako. Chumba kizima kilisikia, wakacheka. Na jaji akaweka kalamu chini, akasema solo imefutwa kwa sababu mwalimu ametoa ishara. Unakumbuka hilo, au umekumbuka lile lako tu?"

Mzee alikuwa amelisahau. Hapana, hakulisahau, alilipitia kando miaka yote kama watu wanavyopita kando ya shimo la barabarani wanalolijua.

"Nilitaka kukusaidia."

"Najua ulitaka kunisaidia! Ungeniacha kidogo tu, baba. Kidogo tu, ningejitoa mwenyewe. Sikuacha muziki kwa sababu ya solo. Niliacha kwa sababu yako."

Mlango ukafunguliwa. Kikundi kilichomaliza kikatoka kikicheka na kusukumana, na mama mmoja mwenye beji akaita, "Lipnik! Klarineti tatu!" Teagan akapita kati yao, uso umempauka, akamtazama babu na baba mara moja, akaingia. Joleen nyuma yake.

Jaji alikuwa Bi Ardith Quiring, mama wa makamo mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani. Aliangalia kitabu cha nota alicholetewa, akawaangalia watoto, kisha akawageukia watu waliokaa kwenye madawati.

"Mwalimu wao yupo?"

Joleen akanyoosha mkono. Orrin naye akanyoosha, kwa mazoea. Wengine wakacheka.

"Wote wawili, karibuni," jaji akasema. "Mnajua sheria. Mkono, mguu, sauti, chochote kitakachotoka kwenu kuwasaidia, kikundi kimetoka mashindanoni. Sitaki kufanya hivyo leo. Watoto, mkiwa tayari."

Watoto wakakaa kwenye viti vyao katika nusu duara. Wakatia klarineti midomoni. Vidole vikatulia kwenye matundu. Na hawakuanza.

Mwanzoni hakuna aliyeshtuka. Watoto hujipa muda. Jaji alingoja, kalamu mkononi. Brynlee alimtupia jicho Teagan. Teagan alitazama nota zake. Colter, yule asiyeongea, akageuza macho polepole kuelekea madawati, akitafuta kitu, mpaka yakamfikia mzee Orrin, yakabaki hapo. Teagan naye akainua macho. Watoto watatu wakamkodolea macho, klarineti midomoni, mabega yamepanda, wamejaa kungoja.

Hapo ndipo mzee alipoelewa. Mungu wangu! Miezi mitatu. Walikuwa wanaingoja pua.

Joleen pembeni yake alikuwa ameshaelewa. Alifumba macho, akauma mdomo. Kimya kilizidi. Mtu akakohoa. Jaji akaangalia saa yake, akaandika neno moja, na kila mtu akasikia kalamu.

Pumzi ilikuwa pale pale puani mwa mzee. Ilipanda yenyewe, pua ilishaanza kutanuka. Ndogo tu, aliwaza. Ya chini kabisa, kama mtu mwenye mafua. Huyu mama yuko mbali, hatasikia, na mtoto ataokoka, na Alhamisi itabaki. Kwani mapenzi ni nini kama si kumsaidia mtoto anapozama mbele ya macho yako? Alikuwa amesema hivi hivi siku ile, kwenye kiti kama hiki, na mwenye kuzama siku ile alikuwa amekaa kushoto kwake sasa, anatazama sakafu, kofia imekunjwa hadi imekuwa kamba.

Wade hakumtazama. Hakumgusa. Alisema kwa sauti ya chini mno, "Baba." Hilo tu.

Mwalimu Orrin Dvorachek akainua mkono, Joleen akashtuka akataka kuudaka, lakini mkono haukwenda hewani. Ulikwenda usoni. Mzee akaziba pua yake kwa vidole viwili, barabara, kama mtoto anayejitupa mtoni, akafunga na mdomo. Akakaa hivyo. Uso ukawa mwekundu, macho yakamtoka, na mabega ya koti lake la mashindano yakapanda hadi masikioni.

Teagan aliona. Kwanza macho yakamtoka naye, halafu pembe za midomo zikamtetemeka, akashusha macho haraka kabla hajaangua kicheko. Babu hatavuta. Alielewa hilo kabisa. Hakuna mtu chumbani humu wa kuvuta. Akamwangalia Brynlee, akamwangalia Colter, mpaka wote wawili wakaacha kumwangalia mzee, wakamwangalia yeye. Akainua ncha ya klarineti kidogo.

Hmff!

Ilitoka kwenye pua ndogo ya binti wa miaka kumi na minne, na ilikuwa ile ile, na mkunjo wake wote, hadi ule mluzi mwembamba wa mwishoni. Klarineti tatu zikaingia kwa pamoja kama mlango unaofungwa.

Hawakupiga vizuri sana, nisiwadanganye. Walikwenda mbio kuliko walivyozoea. Brynlee aliruka kituo kimoja, na baada ya ile nota ndefu ya katikati Colter aliingia mapema peke yake, sauti nzito ikitangatanga kama ng'ombe aliyetoka zizini kabla ya wenzake. Mzee alikaza vidole puani hadi vikauma. Wimbo ulilegea, ukayumba, kidogo ukatike. Teagan hakusimama. Alimngoja Colter amalize kosa lake, akavuta, Hmff!, wakashikana tena wote watatu, wakaenda hadi mwisho.

Makofi yalipopigwa, Orrin alikuwa bado ameziba pua. Joleen alimshika kiwiko. "Mwalimu, pumua. Imeisha. Pumua, utatufia hapa."

Akapumua. Machozi nayo yakatoka, na hakuyaficha.

Bi Quiring alivua miwani mmoja, akavaa mwingine. "Daraja la pili," akasema. "Mlichelewa kuanza, na pale katikati mnajua wenyewe. Lakini mlijikusanya bila kusaidiwa, na hilo wengi waliopita hapa asubuhi hawakuliweza. Klarineti ya kwanza, neno moja kwako. Pumzi yako ni nzuri ya kuongozea, ila inasikika hadi barabarani. Umeitoa wapi?"

Teagan akageuka akawaangalia wawili wale waliokaa pamoja, pua mbili zilizoinama kidogo kwenye ncha.

"Ni ya ukoo, mama."

Chumba kikacheka. Wade akacheka pia, ghafla, kwa sauti ambayo mzee hakuisikia tangu kijana akiwa na miaka kumi na sita. Akajifunika uso kwa kofia yake iliyokunjamana, akaendelea kucheka.

Koridoni Joleen aliwakumbatia watoto mpaka Colter akalalamika. Milo Hruza alikuja na sinia yake. "Daraja la pili, Orrin! Mwakani unapiga solo wewe mwenyewe?"

"Nyamaza, Milo. Bendi ni mwili mmoja," mzee akasema, ila akachukua kolache, akala. Kisha akamwambia Joleen, bila kumtazama, "Mwakani mtafanyia mazoezi darasani kwako. Kwangu pana mafua."

Teagan akamning'inia shingoni. "Alhamisi, babu?"

"Na voliboli?"

"Voliboli gani? Nimepata daraja la pili mimi!" Akakimbia kuwafuata wenzake.

Wakabaki wawili, baba na mwana, pale pale waliposimama mwanzo. Mzee alitafuta neno la mvua akalikosa. Alifuta makombo kwenye koti.

"Nilikosa, Wade," akasema. "Si wewe uliyepotea siku ile."

Wade akaitikia kwa kichwa. Alijaribu kuinyoosha kofia yake, ikakataa, akaivaa hivyo hivyo.

"Ile tarumbeta bado iko kwenye rafu?"

"Ipo."

"Zaidi ya miaka ishirini. Vali zake zitakuwa zimeshaganda kabisa."

"Hazijaganda," mzee akasema. "Nazipaka mafuta kila Ijumaa."